Kile kitanzi kimenisubiri miaka 19

Nilikuwa natoa vitu kwenye kabati la chini, lile la kuweka vitu unavyosema nitakuja kuviangalia baadae halafu miaka inapita, nikakuta mfuko umefungwa fundo mdomoni. Nikajua ni nguo za kugawa. Kufungua nakuta mabonge ya uzi, rangi ya damu ya mzee, moja limeshaanza kutumika, na chini yake kipande cha skafu kimekunjwa vizuri yaani kama mtu alikikunja jana. Kwenye kona kuna pini, zile za kufungia nepi za watoto zamani, imeshika kitanzi kimoja cha uzi.

Pini imeota kutu mpaka imeacha alama ya kahawia kwenye kile kitanzi. Nikakaa pale pale sakafuni. Kile kipande nilikijua sekunde ileile, maana nilikianza mwenyewe nikiwa na miaka 11, na tangu pini iwekwe pale imepita miaka 19. Nikahesabu mistari kwa ukucha, ipo 41. Nikahesabu mishono kwenye mstari wa juu, 28. Nikahesabu na wa chini kabisa, 28. Sijui kwanini hiyo namba ilinigusa vile, ila niliona kama yule mtoto alikuwa makini sana na mi nilikuwa nimemsahau.

Aliyeweka ile pini ni shangazi. Alikuja kukaa kwetu wakati wa likizo, wiki kama nne hivi, na kila jioni alikuwa anakaa karibu na dirisha maana alisema mwanga wa taa unamdanganya macho, anafuma kroshia, ule ufumaji wa sindano moja yenye ndoano nchani. Hakuwa mtu wa maneno mengi akiwa kazini. Mi nilikuwa nakaa tu pembeni naangalia vidole, siku ya tatu au ya nne akanipa uzi na ile sindano yake akasema haya, tuone. Sindano yenyewe ilikuwa moja tu, ya alumini, ya bluu, na pale dole gumba linapokaa ile bluu ilikuwa imechubuka yote mpaka chuma kinaonekana cheupe, hata namba iliyogongwa pale ilikuwa imefutika. Tulikuwa tunapokezana, mimi mistari miwili ya skafu yangu, afu yeye anarudi kwenye kazi yake.

Neno lake lilikuwa moja, "Usiukabe uzi mwanangu, uache upite." Uzi aliupitisha kwenye kidole cha mwisho, ukazunguka, ukapita juu ya kidole cha shahada, basi, vidole viwili vinafanya kazi ya breki. Nilijaribu kuushika kwa ngumi, akawa ananifungua ngumi yangu kidole kimoja kimoja bila kusema kitu.

Siku anaondoka akaitoa sindano kwenye kazi yangu, akavuta kile kitanzi kidogo kikawa kikubwa, akakifunga pini. "Sindano naondoka nayo, nina kazi ya watu. Nikirudi tunaendelea hapa hapa." Na alirudi kweli, mara nyingi tu, ila safari hii amekuja kuuguza mtu, safari ile kuna msiba, safari nyingine harusi, nyumba imejaa watu, na mimi nimekua, nina mitihani, nina marafiki, nina simu. Hakuna aliyeulizia skafu. Mfuko ukasogezwa, ukasogezwa, mpaka ukafika lile kabati.

Sasa hapa lazima nieleze kitu kwa wasiofuma, maana bila hiki hutaelewa kwanini ile pini ilinifanya nikae sakafuni. Ile kazi ya sindano mbili, ya kufuma masweta, mishono yote ya mstari inakuwa hai kwa wakati mmoja, imepanga foleni kwenye sindano. Ukichomoa sindano mishono yote inabaki wazi, mmoja ukiteleza unashuka chini mstari hadi mstari kama ngazi. Kroshia haiko hivyo. Kila mshono unaumaliza kabisa kabla hujaanza mwingine, unaufunga, unasonga mbele, kwahiyo muda wowote ule, hata kama unafuma shuka la kitanda kizima, kitanzi kilicho hai ni kimoja tu. Ukikishika hicho umeshika kazi yote. Ukikiachia na ukavuta uzi, inafumuka yote, mshono baada ya mshono, mpaka ule wa kwanza kabisa. Pini moja ya nepi ilikuwa imeshika mistari 41 kwa miaka 19. Wala haikuachia.

Sikuigusa siku ile. Nilijua nikiingia na mkono usiojua kitu nitaiharibu, nikasema ngoja kwanza mkono urudi, nitafuma vingine, hii nitaimalizia mwisho. Nikanunua sindano yangu, namba 5, yaani milimita 5, maana karibu kila anayefundisha wanaoanza anasema anzia hapo, uzi wa unene wa kati usiwe mweusi. Hilo la uzi mweusi naomba ulichukulie kwa uzito kama unaanza leo. Kwenye uzi mweusi huoni mishono, unapapasa tu.

Nilidhani mkono utakumbuka. Mkono ulikumbuka, ila ulikumbuka vibaya. Cheni yangu ya kwanza, yaani ule mnyororo wa vitanzi wa kuanzia kazi, niliikaza mpaka sindano ikagoma kurudi ndani ya vitanzi, yaani nilikuwa nimefuma kamba. Nikafumua. Ya pili ikawa nusu imekaza nusu imelegea. Nikafumua. Jioni ya tatu ndo nikakumbuka kile kidole cha mwisho, nikapitisha uzi vile alivyonionyesha, na ghafla vidole vikatulia, cheni ikaanza kutoka sawasawa, kila kitanzi kama mbegu ya tikiti, zimelaliana. Nilipiga cheni ndefu tu bila sababu, labda mita mbili, kwa raha ya kuiona inatoka.

Afu nikaanza skafu ya mazoezi na hapo ndo nikajifunza. Nilianza na mishono 28, kwa heshima ya ile ya zamani, nikafuma huku nasikiliza redio, nikasikia raha kweli, nimefika kama sentimita 60 nikaitandaza kitandani. Pembetatu. Chini pana, juu imebana, nahesabu mstari wa mwisho nakuta 19. Mishono tisa imeenda wapi? Imepotelea pembeni, na inapotelea pembeni kwa karibu kila mtu anayeanza, kwasababu hii: ukifika mwisho wa mstari unageuza kazi, unapiga cheni tatu za kupandia, na zile cheni tatu zinahesabika kama mshono wa kwanza mrefu. Kwahiyo ukirudi upande ule kwenye mstari unaofuata, mshono wa mwisho unatakiwa uingie kichwani mwa zile cheni tatu. Ila zile cheni hazionekani kama mshono, zimejikunja pembeni kama uzi uliolegea tu, jicho linazipita, unageuza mapema. Umepoteza mmoja. Hujasikia kitu. Mstari baada ya mstari.

Dawa yake nimeipata na naitumia mpaka leo, kipande kidogo cha uzi wa rangi nyingine, nakipitisha kwenye mshono wa kwanza na wa mwisho wa kila mstari, nikigeuza nakihamishia juu. Na nahesabu kila mstari mpaka nimevuka wa kumi. Baada ya hapo jicho linakuwa limeshazoea ukingo ukoje.

Skafu ya pili nikaenda upande wa pili wa kosa, kwa kuogopa kupoteza nikawa naongeza, mshono wa ziada kila pembeni, na kitambaa kikaanza kujikunja mawimbi kama ukingo wa jani la lettusi, hakilali. Nilipotafuta sababu nikakutana na kitu kilichonikosesha usingizi usiku ule kwa furaha. Kumbe mawimbi yale ni hesabu. Kuna mama mwanahisabati mzaliwa wa Latvia anaitwa Daina Taimina, mwaka 1997 akiwa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani alitumia kroshia kutengeneza umbo ambalo wanahisabati walikuwa wanalielezea kwa muda mrefu lakini kulishika mkononi ilikuwa tabu, waliwahi kujaribu kwa karatasi zikawa zinachanika. Ni umbo ambalo kila unapotoka katikati eneo linaongezeka kwa kasi kuliko kwenye meza bapa, kwahiyo halina namna zaidi ya kujikunja. Na kanuni yake kwenye kroshia ni rahisi ajabu, kila baada ya mishono kadhaa ongeza mmoja, usibadilishe hiyo hesabu, endelea tu. Wanafunzi wake wakaweza kulishika, kulikunja, kuchora mistari juu yake kwa uzi na kuona kwa macho yao mistari sambamba inavyoachana. Nilitoka kuuona ule ukingo kama kosa nikaupiga picha. Ile skafu sikuifumua, imening'inia ukutani mpaka sasa.

Nikiri pia kwamba majina yalinichanganya sana. Nilikuwa naangalia video ya Mmarekani, afu nachukua patani, yaani maelekezo ya kufuma, ya maandishi ya Mwingereza, zote zinasema "dabo", na skafu inatoka fupi, nzito, ngumu kama kapeti. Kumbe dabo ya Mwingereza ni ule mshono mfupi, na dabo ya Mmarekani ni ule mrefu wa kuzungusha uzi mara moja kabla hujachoma. Neno moja mishono miwili tofauti. Ndo maana siku hizi napenda patani za michoro kuliko za maneno, zile zenye alama: kiduara kilichobonyea ni cheni, msalaba ni mshono mfupi, herufi T yenye kistari kimoja cha mshazari shingoni ni mshono mrefu. Mchoro haujali unatoka nchi gani. Na watu wamekuwa wakipeana patani za kroshia kwa kuzichapisha kwa muda mrefu kweli, kuna jarida la Uholanzi la wanawake liliitwa Penélopé lilitoa patani mwaka 1823, na neno lenyewe kroshia ni la Kifaransa, maana yake ndoano ndogo. Ndoano ndogo tu. Kwenye lugha nyingi kazi nzima imeitwa kwa jina la kile chombo, na ukikishika unaelewa kwanini, maana hakuna kingine, ni ndoano, uzi na mkono.

Tuongelee uzi sasa, hapa mtanivumilia kidogo, ndipo penye moyo wangu.

Mabonge ya kwenye mfuko hayakuwa na lebo na mi nilitaka kujua ni uzi gani, maana nilishangaa kwanini nondo hawajaula miaka yote ile. Kuna njia ya zamani ya kujua, unakata kipande kifupi kama urefu wa kidole, unakishika kwa kibano juu ya sahani ya udongo au sinki, maji yawe karibu, unakichoma. Sufu haishiki moto kwa furaha, inajikunja, inazima yenyewe, inanuka nywele zilizoungua, na ukisugua jivu lake linavunjika. Pamba inawaka kama karatasi na inanuka karatasi, inaacha jivu laini la kijivu. Akriliki inayeyuka, inatoa moshi mweusi, ikipoa unabaki na punje ngumu nyeusi hata kwa meno huivunji. Wangu uliacha punje. Akriliki, yaani uzi wa kiwandani, jamii ya plastiki. Basi nikaelewa, nondo wanakula sufu, akriliki haina cha kula mle.

Watu wengine wanaidharau akriliki, mi siwaungi mkono. Inafuliwa, haisinyai, wengi wanaowashwa na sufu hawawashwi nayo, na kwa anayeanza ambaye atafumua mara 20 inastahimili. Ila usiiguse na pasi ya moto. Sufu ni joto lingine kabisa, inashika hewa, hata ikiwa na unyevu bado inapasha, lakini sufu inataka mtu wa kuiangalia, na hilo nililijua kwa kuumia.

Zawadi yangu ya kwanza ilikuwa ya rafiki yangu aliyehamia sehemu yenye baridi kali. Nikasema huyu anastahili sufu halisi. Nilifuma wiki mbili, mistari 128, mishono 28 kwa mstari, piga hesabu ni mishono 3,584, kila mstari ulikuwa unanichukua dakika kama nne kwahiyo ni zaidi ya saa nane za kufuma tupu, bila kuhesabu nilizofumua. Mabonge mawili ya gramu mia mia, kikabaki kidogo cha matamvua. Ilipofika alinitumia picha ameivaa mpaka puani, macho tu yanaonekana, anacheka. Mwezi mmoja baadae akanipigia sauti imebadilika, nikadhani kuna msiba. Aliifua kwenye mashine, maji ya moto. Imetoka ndogo, nene, imeshikana kama zulia, hata mishono haionekani. Nywele za sufu zina magamba madogo madogo, zikipata joto, maji na kusuguliwa yale magamba yanashikana na hayaachiani tena, basi, hakuna kurudi. Alikuwa analia kweli. Anasema, "Nimeiua skafu yako."

Mimi ndo nilikuwa na kosa, sikumwambia. Nilimpa kitu cha kutunzwa bila kumpa namna ya kukitunza. Tangu siku ile kila skafu inayotoka mkononi mwangu inaenda na kikaratasi, nimeandika kwa mkono: uzi wake ni nini, maji ya baridi, usinyonge, ikunje kwenye taulo uikandamize, ikaushe imelala isining'inizwe maana itavutika. Na kwenye kikaratasi nimefungia kipande cha uzi uleule mita mbili tatu, siku ikitoboka mahali kuna cha kuzibia.

Yeye aliikata ile iliyosinyaa akatengeneza kifuko cha miwani. Sufu ikishikana vile haifumuki hata ukiikata, kwahiyo kimekaa vizuri tu. Nilimfumia nyingine. Akriliki.

Baada ya hapo nikaanza kujiuliza maswali kabla sijagusa uzi. Huyu mtu anafuaje nguo zake? Shingo yake inawashwa? Baba yangu kwa mfano hawezi kabisa kitu kinachochoma shingoni, hata lebo za mashati anakata zote. Nilichofanya nilichukua uzi wa aina nne, nikamwomba, "Baba, samahani, naomba nikuwekee hivi chini ya kidevu." Akatulia kama mtoto anayenyolewa. Wa kwanza akasema hapana, wa pili hapana, wa tatu akanyamaza. Nikasubiri. Akasema huu upo? Nikasema upo baba. Akasema aa, mi nikajua umeutoa. Basi nikajua ndo wenyewe, mchanganyiko wa pamba. Anaivaa ndani ya nyumba hata kama hakuna baridi, mama anasema akiivua anaikunja mwenyewe mara nne na hataki mtu aihamishe.

Rangi ndo sibahatishi kabisa. Naangalia nguo za mtu wiki nzima, sio rangi anayosema anapenda, ile anayovaa. Ni vitu viwili tofauti. Mtu anakwambia anapenda njano na hana hata soksi ya njano. Na uzi wote wa kazi moja unanunua siku moja, unasoma kwenye lebo namba ya rangi na namba ya mkupuo uliotiwa rangi, zote zifanane, maana rangi ileile ikitiwa siku nyingine inatofautiana, dukani huoni, ukishafuma unaona mstari kama umechorwa. Shangazi alilijua hilo, aliniletea mabonge yote kwa pamoja, ndo maana yalikuwa mle ndani ya mfuko yananisubiri, yametosha mpaka mwisho.

Watoto wachanga siwafumii skafu. Kitu kirefu shingoni mwa mtoto, tena chenye matamvua, hapana. Nafuma kofia.

Na kuna mtu nilimfumia, tunafanya kazi pamoja, alisema asante vizuri kabisa na sijawahi kuiona shingoni kwake, si mara moja. Iliniuma. Nilikuwa nikimuona na jaketi namuangalia shingo. Mwishowe nikajikamata mwenyewe, nikasema hizi saa nane nilimpa au nilimkopesha? Kama nilimpa basi zimeenda. Sijamuuliza na sitamuuliza.

Swali ninaloulizwa sana ni unauza? Mtu anashika skafu, anageuza, anasema ningependa mbili tatu, ila zisiwe bei. Namuelewa, amezoea kuona masweta ya viwandani. Ila masweta yale ni ya mashine, na mashine ya kufuma kroshia halisi haipo sokoni, zile zinazoitwa za kroshia zinatoa kitambaa cha kufanana tu, mshono wenyewe sio. Kwahiyo ukiona popote pale nguo ya kroshia ya kweli, hata imetupwa kwenye rundo la punguzo, ujue kuna mikono ya mtu ilikaa saa kadhaa. Mimi hilo limebadilisha kabisa namna ninavyotembea madukani, nikiona top ya kroshia inauzwa bei ya chini kuliko uzi wake nasimama, nahesabu mishono, najiuliza aliyefuma alibaki na nini. Kule Ireland njaa kubwa ilipoanza 1845 baada ya viazi kuoza mashambani, masista na akina mama wengine walifundisha wanawake na watoto wasichana kroshia ya uzi mwembamba, maua na majani ya uzi yaliyokuwa yanaunganishwa kuwa lesi, na lesi ile iliuzwa kwa matajiri na familia zikanunua chakula. Ndoano ndogo na uzi. Kuna watu waliokoka na hiyo kazi. Siwezi kuwa na haraka ya kuipunguzia bei.

Kwahiyo siuzi. Nafuma moja moja, kwa mtu mmoja mmoja, na ninapofuma jina lake lipo kichwani. Sio kwamba namuwaza muda wote, hapana, mara nyingi nawaza bili au nahesabu, ishirini na tano, ishirini na sita. Ila baada ya mistari mingi mtu anakuwa amekaa pale na wewe.

Mwaka huu nikaona mkono umerudi. Nikaitoa ile ya zamani.

Kuifungua pini ilichukua muda, kutu ilikuwa imeshika kichwa chake, niliogopa nikivuta kwa nguvu uzi ukatike. Nikaweka tone la mafuta ya cherehani kwenye pamba ya masikioni, nikapaka kidogo kidogo bila kugusa uzi, nikasubiri, ikalegea. Kitanzi kilibaki na umbo la pini, wazi, kimesimama chenyewe. Nikaingiza sindano yangu. Nikavuta uzi polepole mpaka kikakaa. Nikapiga cheni tatu, nikageuza kazi, nikaendelea na mstari wa 42.

Ilinichukua jioni kama kumi. Na kitu kikanishangaza: mishono ni ileile 28, uzi uleule, mshono uleule mrefu, nahesabu kila mstari sikosi, lakini kuanzia wa 42 skafu ikatanuka. Haikutanuka taratibu, hapana, pale pale. Kipande cha mtoto sentimita 18, cha kwangu 20, upana wa kidole kizima. Nikafumua mistari sita, nikafuma tena nimekaza mkono, bado. Nikajiambia ni mkono wa mtu mzima, umelegea na maisha. Nikaiacha. Nilitaka hata nizungushe ukingo wa mishono mifupi kuficha lile daraja, nikajaribu upande mmoja, nikaona naficha kitu ambacho ndo skafu yenyewe, nikafumua ukingo.

Nikaweka matamvua, nikailowesha, nikaikamulia kwenye taulo, nikaitandaza usiku kucha. Ile alama ya kutu haikutoka. Ipo pale pembeni mstari wa 41, ndogo kama punje ya mchele.

Nilimpelekea shangazi. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, anaona mwanga na umbo la mtu, kufuma ameacha. Nilimwamkia, nikakaa chini karibu na miguu yake, nikamwekea skafu mapajani sikusema kitu. Akaishika. Akaanza na ukingo, vidole vinatembea, dole gumba na cha shahada, kama mtu anayehesabu tasbihi, nikaona midomo inacheza anahesabu. Akafika ishirini na nane akasimama. Akapanda na urefu, taratibu, anapapasa mstari hadi mstari, mpaka akafika pale. Vidole vikasimama. Vikarudi nyuma. Vikaenda mbele tena.

"Hapa ndo nilipoweka pini."

Nikasema ndio shangazi.

Akapima upana kwa vidole, chini ya lile daraja, halafu juu yake. "Na hapa umebadilisha sindano. Umetumia tano."

Nikamwambia ndio, tano, ila nilidhani ni mkono wangu. Akatikisa kichwa. Akaniambia nivute droo ya kitanda, ndani kuna kopo la biskuti, nimpe. Akalifungua, akapekua vifungo na nyuzi kwa kupapasa, akatoa ile ya bluu. Imechubuka zaidi ya nilivyoikumbuka, sasa imebaki bluu kidogo mwishoni tu, namba hakuna kabisa.

"Hii ni nne na nusu," akasema. "Ningeiacha tu siku ile."

Akaniwekea kiganjani, akanikunja vidole juu yake kimoja kimoja. Skafu akaizungusha shingoni, akavuta ile sehemu nyembamba ikakaa mbele kifuani, pale anapoweza kuishika. Tukakaa. Baada ya muda akaniuliza kama uzi umebaki.

Nikamwambia limebaki nusu bonge.

"Basi anza cheni," akasema, "mi nakusikiliza."